Saa Mia na Sitini za Kandida

Wewe uligeuza macho. Usianze kutafuta jirani wa kumsukumia, nasema na wewe. Agosti ya mwaka 1993, siku mgeni mkubwa alipokuja Ifakara kwa ndege, ulikuwa umesimama kando ya kiwanja na bendera ya karatasi mkononi. Uliona binti wa watu anakimbia na ungo, mgambo yuko nyuma yake. Ukamtazama mwenzako, mkacheka, kisha ukainamisha uso kama mtu aliyedondosha sindano. Mimi nilikuwa nyuma yako na baiskeli ya mteja, tairi la mbele mkononi. Mimi huwa sisahau.

Kiwanja chetu unakijua, ila nitakieleza, maana kuna watakaosoma hapa ambao hawajawahi kufika. Ni ukanda wa majani na changarawe kutoka kaskazini hadi kusini, umeinuka kidogo kuliko mashamba. Kwa kuwa umeinuka, hukauka mapema. Ndiyo maana wakati wa mavuno akina mama wa mtaa wa Lipangalala hubeba majamvi yao na kwenda kuanika mpunga pale. Ndege ikija hupita mara moja chini chini, akina mama wanakunja majamvi, ndege inazunguka, inatua. Mapatano hayo hayakuandikwa popote na hayajawahi kuvunjwa.

Kuna jambo jingine halikuandikwa. Kila kiwanja cha ndege hutakiwa kuwa na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, upepo ukiujaza rubani anajua unavuma kutoka wapi. Wa kwetu uliibwa mwaka 1986. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya chungwa, kikashonwa mkoba wa daftari, na aliyekishona namjua, na mwanawe alimaliza darasa la saba na mkoba ule. Tangu hapo marubani wakawa wanatua kwa kuwatazama akina mama wakipepeta. Ukiwa juu unaona makapi yanavyoruka kutoka kwenye ungo, yanakwenda upande mmoja kama moshi. Ndege hutua ikiukabili upepo. Makapi yakielekea kaskazini, rubani anaingia kutoka kaskazini. Basi.

Sasa Agosti ile kamati ya mapokezi ikaona mpunga kiwanjani ni aibu. Alfajiri mgambo wakawafukuza akina mama na majamvi yao. Kiwanja kikafagiliwa kikawa safi kama sebule. Hapakubaki kitu hata kimoja cha kumwonyesha rubani upepo, na katika kamati nzima, watu wenye kalamu mifukoni, hakuna aliyelifikiria hilo.

Upepo uligeuka saa nne. Kandida, binti wa Domitila, alikuwa nyuma ya kamba pamoja na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha nne amemaliza. Ndege ikatokea, ikaanza kujipanga kuingia kutoka kaskazini kama ilivyozoea.

"Mama, anakuja vibaya," Kandida akasema.

"Nyamaza. Wanatuangalia."

"Upepo uko mgongoni kwake. Atapitiliza mpaka kwenye tope."

Upande wa kusini, pale kiwanja kinapoisha, kuna bonde ambalo halikauki hata Oktoba. Domitila alitazama bonde, akatazama ndege. Kisha, na hili wengi hamkuliona, ni yeye aliyeinua kamba.

Kandida alikimbia na ungo umejaa makapi, mgambo akimfuata, filimbi mdomoni. Alipofika usawa wa katikati ya kiwanja alisimama pembeni na kuanza kurusha. Hakupunga mikono wala kupiga kelele. Alipepeta kama siku zote, ila juu zaidi. Makapi yakaruka yote kuelekea kusini. Ndege ilikuwa chini kiasi cha kuona magurudumu yake yana matope ya juzi. Ikanguruma, ikainuka, ikapita juu yetu, ikazunguka ikaja kutoka kusini. Ikatua taratibu, ikasimama mbele ya bendi ya shule.

Kandida alikuwa ameshikwa mkono na mgambo. Mtu mmoja wa kamati akasema huyo binti ana wazimu wa ukoo. Rubani akashuka, akampita mwenyekiti wa kamati bila kumpa mkono. Alikuwa Kapteni Lukelo, mtu wa Iringa, mwembamba, aliyekuwa akileta dawa za hospitali miaka yote ile.

"Nani alikuambia upepo umegeuka?"

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Nani alikuambia?"

"Hakuna. Ukisimama vibaya na ungo, makapi yanakuingia machoni. Nimejua tangu nina miaka saba."

Lukelo akamwambia mgambo auache huo mkono. "Ningemlaza mheshimiwa wako kwenye tope," akamwambia Kandida.

"Si wangu," Kandida akajibu, na hata mgambo akacheka.

"Unataka kusoma nini?"

Kandida akaonyesha ndege kwa kidevu. "Hiyo."

"Hii ndogo?"

"Ya kuanzia. Nataka zile kubwa zinazopita juu bila kutusalimu."

Mgeni mkubwa akasimuliwa. Akiwa jukwaani akaahidi kwamba binti atapelekwa Ulaya, chuo kikubwa cha urubani, miezi kumi na minane anatoka na leseni. Mkapiga makofi. Mimi sikupiga. Ahadi za jukwaani nimezihesabu tangu nikiwa na suruali fupi, nikajiandaa kusubiri hii nayo ife nipate la kusema. Lakini Novemba barua ikaja, na muhuri, na tarehe ya kuripoti. Mambo yakawa magumu hapo, maana ahadi ya uongo haikulazimishi kuchagua.

Domitila aliita kikao nyumbani kwake. Tulikuwa watano: yeye, Kandida, mjomba mtu Salvatory, Kapteni Lukelo ambaye ndege yake ilikuwa ikisubiri mgonjwa kutoka hospitali, na mimi niliyeitwa kusoma barua kwa sauti. Mimi nimeishia darasa la nne, ila magazeti ya kufungia maandazi nimeyasoma mji mzima.

Nilipomaliza, Salvatory akafuta jasho. "Kikao cha nini sasa? Mtoto afungashe."

"Kapteni anasema kuna njia nyingine," Kandida akasema.

"Tueleze hiyo njia," Salvatory akamwambia Lukelo, "halafu tule."

Lukelo alieleza polepole. Chuo cha Ulaya ni kizuri, hakukipinga. Unaingia hujui kitu, unatoka na leseni ya biashara na saa mia mbili za kuruka. Tatizo linaanza ukirudi. Mashirika yenye ndege kubwa hayaulizi tu umesoma wapi, yanauliza umeruka saa ngapi, na leseni ya juu kabisa inataka saa elfu moja na mia tano. "Wenzangu wawili walirudi na leseni inang'aa kama sahani ya harusi," akasema. "Mmoja anauza vipuri vya magari. Wa pili anauza vya pikipiki."

"Na njia yako?"

"Aanze Dar es Salaam kwenye klabu ya urubani, apate leseni ya kwanza. Huku anafanya kazi kwetu, kwenye banda la ndege, anapima mizigo, anaosha, anajifunza. Kisha Nairobi kwa leseni ya biashara. Akirudi anapewa ndege kama yangu, anatua kwenye majani, mpaka saa zitimie. Ndipo agonge mlango wa zile kubwa."

"Miaka mingapi?"

"Sita. Labda saba."

Salvatory akacheka mpaka akakohoa. "Miezi kumi na minane Ulaya, au miaka saba kwenye majani. Hesabu hiyo hata mbuzi ataipata. Dada, mtoto huyu akipanda ndege ya Ulaya, ukoo mzima umepanda."

"Ukoo gani?" Domitila akasema. "Wewe basi la Kidatu tu unatapika."

"Natapika kwa sababu ya dereva."

Kandida alikuwa ameinuka. Aliingia jikoni, akarudi na sahani mbili za mchele akaziweka miguuni kwa mjomba wake. Sahani moja mchele mzima, mrefu. Nyingine chenga tupu.

"Mjomba, mpunga huu ni wa shamba moja. Huu mama aliuanika siku nne. Huu mwingine ni nusu aliyopewa mama mdogo, akaupeleka mashineni siku ya pili kwa haraka. Mbegu moja, mashine moja."

"Chenga nazo zinaliwa."

"Na kuku."

"Kwa hiyo Ulaya ni chenga?"

"Hapana. Ulaya ni mashine nzuri. Mimi ndiye sijakauka." Akamgeukia Lukelo. "Ukiniambia huko nitapata saa elfu moja na mia tano, naondoka kesho."

"Huko hazipo. Zipo huku, kwenye viwanja kama hiki. Lakini nisikudanganye, binti. Saa zinategemea viwanja. Kiwanja kikifa, saa nazo zinakufa."

"Kiwanja hakitakufa," Kandida akasema. "Watu wapo."

Hiyo sentensi ikae kichwani mwako, nitairudia.

Aliandika barua akaomba msaada uleule umsomeshe Dar na Nairobi. Jibu likaja mstari mmoja: Ulaya au basi. Akachagua basi. Ifakara nzima ikasema amerogwa. Ulisema na wewe, pale kwa muuza kahawa, ukasema mtoto wa mpepeta mpunga amekataa Ulaya kwa sababu ya ujinga. Akina mama wa kiwanjani walitoa kila mmoja gunia la mpunga, wakalipeleka kwa Domitila, na aliyefukuzwa kwa fimbo na mgambo alitoa mawili.

Haya, nieleze alichofanya, maana wengi mlikuwa mmegeuka. Miaka miwili aliosha matumbo ya ndege akilala chali sakafuni, huku amebandika karatasi ya hali ya hewa kwenye bawa ili asome akiosha. Mwaka 1994 akapata leseni ya kwanza. Mwaka 1996 akarudi kutoka Nairobi na leseni ya biashara, amekonda kama mpini, anajua injini kwa sauti kama mimi ninavyojua baiskeli kwa mnyororo. Wakubwa wa kampuni ya Kapteni walimwambia abiria wataogopa mwanamke. Akasema waogope wakiwa wamefunga mkanda.

Mara ya kwanza kutua Ifakara akiwa peke yake ilikuwa Septemba 1997. Alipita chini mara moja, majamvi yakakunjwa. Akina mama wote wakasogea pembeni akabaki mmoja, Domitila, anapepeta. Mimi nilisimama na kofia mkononi kama niko kanisani, sioni haya kusema. Ndege ikagusa majani bila kuruka hata kidogo. Akashuka na shati jeupe, akaenda moja kwa moja kwa mama yake akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Makapi yalikuwa kidogo, nimeyatafuta kwa macho."

"Marahaba. Na wewe umeshuka kama kuku anaogopa mwiba."

Kisha Domitila akageuka akapepeta ungo uliokuwa mtupu, kwa muda mrefu, na Kandida akamwacha.

Halafu zikaja zile mvua kubwa zisizo na adabu. Barabara ikakatika, kivuko kikasimama. Nani aliyeleta dawa? Wiki saba alitua hapa, siku nyingine mara mbili, kwenye ukanda ambao akina mama waliutembea kwanza pekupeku kila asubuhi, wakichomeka vijiti palipo laini ili asiguse hapo. Na mwanao, ndiyo, wako wewe, dripu aliyotundikiwa ilishuka kwenye ndege ile. Sikukuona kiwanjani kushukuru.

Leo ni Jumamosi, Juni 1999. Kandida ana saa elfu moja na mia tatu na arobaini. Zimebaki mia na sitini. Shirika moja lenye ndege kubwa limeshamwandikia: zikitimia kabla ya mwaka kwisha, aje kufanyiwa majaribio. Na kampuni yake imetuandikia pia, barua nimeisoma mwenyewe. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Tangu masika ndege zimeacha kutua, na majani ya kiwanja cha Ifakara yamefika kiunoni, kuna vichuguu viwili, na upande wa kusini mtu amepanga matofali yake yakauke. Kama hali ni hiyo Jumatatu, safari za Ifakara zinafutwa. Njia nyingine zote zina marubani wake. Kandida atakaa ofisini, na saa mia na sitini zitabaki mia na sitini.

Nilizunguka mitaa minne na barua ile. Mmoja aliniambia hiyo ni kazi ya serikali. Mwingine akaniambia kwani yeye ndiye anayeruka. Mwenye matofali alijifungia ndani, nikamsikia anapumua nyuma ya mlango. Tangu Alhamisi tuko tisa: Domitila, wanawake saba na mimi. Jana Salvatory naye alikuja na shoka, hajui la kukata, lakini alikuja, ametapika njiani. Tumefyeka theluthi moja. Viganja vya Domitila vimepasuka, anafunga kitambaa anaendelea, na hajamwandikia binti yake hata neno, kwa sababu binti alisema watu wapo.

Mpo?

Fyekeo lako liko nyuma ya mlango, nililiona nilipokuja na barua. Lichukue. Mama watoto achukue reki na ungo. Ukipita kwa mwenye matofali, gonga, mwambie tutambebea. Tumeanzia kaskazini, utatukuta kabla ya katikati. Acha kusoma, njoo.