Ndege Iliyopita Juu ya Kilolo

Mama yake Rozalia alifariki Kilolo, na Isaka, mume wa Rozalia huko Mbeya, akaamua kwamba mke wake haendi kuzika kwa basi. Isaka ni mtu mwema, ila simu imemharibu. Aliandika humo Mbeya, akaandika Iringa, ikamjibu kwamba kwa ndege ni nusu saa na ushee. Hapohapo akampigia baba mdogo Kalinga, mkubwa wa ukoo.

"Rozalia anakuja na ndege. Kesho saa nne atakuwa ameshashuka uwanja wa Nduli, hapo Iringa. Msifunge jeneza mpaka mtoto amwone mama yake uso."

Kumbe simu ilipima anga tu. Ndege ya kutoka Songwe, uwanja wa Mbeya, moja kwa moja mpaka Nduli haikuwapo; lazima kwanza uende Dar es Salaam, kisha upande nyingine ikurudishe Iringa. Isaka alilijua hilo kesho yake, wakati wa kukata tiketi, mabasi ya asubuhi yameshaondoka. Na ukweni si mahali pa kupiga simu mara ya pili kusema ulikosea. Akanyamaza.

"Umewaambia nazungukia Dar?" Rozalia alimuuliza.

"Wanajua," akasema. Haya, mume huyo.

Ndani ya ndege Rozalia alikaa dirishani. Hakulia. Tangu habari ije alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: anajua anaguswa, lakini haumii. Mhudumu akampa korosho, akala. Jua likampiga usoni, akashusha kifuniko cha dirisha, akatazama mgongo wa kiti cha mbele mpaka Dar.

Alishuka Nduli alasiri. Gari alilotumiwa na ukoo lilikuwa limechoka kungoja, limerudi. Akakodi teksi, akasema anakwenda kuzika. Walipofika Mlandege, mjini Iringa, dereva akampa pole ya msiba, naye akaitikia asante, akamuuliza bei ya viazi huku ikoje siku hizi.

Kilolo akakuta kaburi limeshafukiwa na wanawake wanaosha masufuria. Baba mdogo Kalinga akamtazama, akaingia ndani. Shangazi Yusta ndiye aliyemfuata, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, shangazi."

"Tulikungoja sana. Saa nne ikapita, baba yako mdogo akataka tufunge, maana mvua ilikuwa inakuja. Mara tukasikia ndege. Nikawaambia, huyo ndiye Rozalia, anashuka. Acheni uso wazi."

"Ndege gani?"

"Iliyotokea huko kwenu, ikapita hapa juu. Tulisimama wote pale kaburini tukakupungia mikono, hata baba yako mdogo. Haikushuka, ikaendelea tu. Akasema, kama ameweza kumpita mama yake, basi. Ndiyo wakafunga." Shangazi akamshika mkono. "Lakini wewe ulituona?"

Rozalia alikumbuka korosho.

"Nilifunga dirisha," alisema. "Jua lilikuwa linaniumiza macho."

Rozalia akakaa chini palepale, kwenye udongo mbichi wa kaburi, na ganzi ikaanza kumtoka, na alichokuta chini ya ganzi hiyo kiliuma kuliko alivyowahi kuumia.

"Mama alikuwa ameangalia juu?" aliuliza.

"Alikuwa ameangalia juu, mwanangu."