Utando Kwenye Kichupa

Kazi ya mama mdogo pale hospitalini ilikuwa kupiga deki na kuangusha utando wa buibui, na mama mkwe wa dada yake hakuchoka kumkumbusha. "Unanuka dawa ya choo, mwanangu," alimwambia kila walipokutana wodini.

Mjukuu wa bibi huyo, mtoto wa dada, wa miaka mitatu, alikuwa na homa wiki ya tatu sasa. Anatapika, shingo imekakamaa, usingizi hauishi. Asubuhi hiyo daktari alimchoma sindano mgongoni, akakinga maji ya uti wa mgongo kwenye kichupa.

Bibi alichungulia. "Meupe pee! Mtoto hana kitu. Fungeni mizigo."

"Weupe huo ndio unaonitisha; homa ya uti wa mgongo ya kawaida ingeleta usaha," daktari alisema. "Nashuku kifua kikuu kimepanda kwenye ubongo. Nataka kuanza dawa leo, na kichupa kitulie mpaka kesho tuone kitakachojitokeza."

"Kifua kikuu, na hata hakohoi! Huyu kasomea wapi? Dawa sitaki. Tunaondoka."

Dada aliangalia sakafu. Hajawahi kumbishia mama mkwe hata juu ya chumvi.

Mama mdogo alipiga deki chini ya kitanda, akatoka na ndoo yake. Muda si muda, kiatu kimoja cha mtoto hakionekani. Bibi alipekua hadi mito ya wagonjwa wengine. Kumpitisha mjukuu wake mbele za watu na kiatu kimoja? Bora walale hapohapo. "Hospitali ya wezi!" alifoka, na mama mdogo akamsaidia kutafuta, tena kwa bidii.

Kulipokucha, mtu wa maabara aliwaita mama mdogo na bibi. "Bingwa wa buibui, njoo uone. Mama, usiguse meza."

Katikati ya maji meupe uling'inia utando mwembamba, kama ule wa kwenye pembe za dari. Aliuvua taratibu, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi, akainamia hadubini. "Vijidudu vya kifua kikuu hivi hapa. Vyekundu."

Bibi alifungua mizigo. Dawa zikaanza saa ileile.

Siku ya kumi na mbili mtoto alifumbua macho, akaomba maji. Kiatu nacho kilikuwa kimeshaonekana, kwenye ndoo, ajabu kweli.

"Mimi nilikataa katakata asitolewe!" bibi aliisimulia wodi nzima. Kisha akamnyooshea mama mdogo kidole, akaonyesha darini. "Na utando ule unaungojea nini?"

Mama mdogo aliutazama, akachukua ndoo yake, akauacha palepale.