Mbegu za Mwisho za Mama Mkwe

Majirani walimwita Dobi, kwa kuwa alifua mashuka ya hospitali tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri. Akifika nyumbani, kazi ya pili ilikuwa ikimngoja: mama mkwe wake, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono na mguu wa kulia, na bustani ya mkwe huyo nyuma ya jiko.

Bustani yenyewe ilikuwa taabani. Mnyauko ulifagia minyanya yote ukabakiza mmoja, na huo mmoja ukaivisha tunda moja tu. Mama mkwe alikuwa akihifadhi mbegu za nyanya hizo mwaka hadi mwaka tangu alipoolewa. Sasa, kwa ulimi mzito, alimwelekeza Dobi: azikamulie kikombeni pamoja na maji yake, aziache zichachuke siku tatu mpaka utando mweupe utande juu, ndipo azioshe na kuzianika kivulini.

Siku ya tatu Dobi alirudi hoi, miguu imevimba. Wifi yake, binti wa mama mkwe, alikuwa amekuja kusaidia, na jiko zima lilikuwa linang'aa. Kikombe kilikuwa kimepinduliwa juu ya kichanja, kisafi kabisa.

Dobi aliuliza kilichokuwamo kiko wapi. Wifi akajibu kwamba alikuta uozo unanuka, akaumwaga mferejini, tena akashangaa mtu anawezaje kukaa na uvundo ule karibu na chakula.

Dobi alitafuta hasira, asiione. Alijibwaga kizingitini, akavua viatu.

"Zilikuwa mbegu za mama, wifi," alisema. "Za mwisho."

Wifi alinywea. Alichungulia chumbani alikolala mama yake, kisha, bila kuambiwa, akakunja mikono ya gauni, akachukua chujio la chai na kijiko, akaenda kuchutama mferejini. Kwa bahati maji yalikuwa yametuama kwenye kishimo karibu na ukuta. Dobi alijikokota akamfuata. Walichota tope kijiko kwa kijiko, wakalisuuza, wakachambua punje za wali, maganda ya vitunguu na nywele. Jua lilipopoa walikuwa na mbegu kumi na moja juu ya sahani.

Wifi alikiri kosa mwenyewe, macho chini. Mama yake alizipapasa mbegu kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, akatenga nne.

"Hizi bapa, hazina kitu," alisema taratibu. "Saba zinatosha. Mimi nilianza na tano." Akamgeukia Dobi. "Na huyu, tangu mdogo, ukimpa ufagio ficha hata watoto."

Wifi alicheka huku akijifuta machozi kwa kiwiko. Dobi naye alitaka kucheka, lakini hata mashavu yalikuwa yamechoka. Alisinzia palepale ukingoni mwa kitanda, sahani mapajani. Wifi aliichukua kabla haijapinduka, akaiweka juu ya kabati, mbali na dirisha, akarudi jikoni kuinjika chungu cha jioni.

Mvua zilipoanza, mbegu tano ziliota. Wifi alikuja na kopo tupu la maziwa kuomba mche mmoja. Mama mkwe alimpa miwili, akamwonya asiipande karibu na mfereji.