Kadi Mpya ya Kaaha

Kaaha aliniita mwizi saa nne asubuhi, mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri hina, na wala hakushusha sauti.

"Weris, nirudishie kadi yangu."

Nilikuwa nimekuja na mkoba wa vifaa kwa sababu alinipigia simu kwamba kompyuta imekwama tena. Nikabaki mlangoni na mkoba mkononi.

Studio yake iko mtaa wa Iftin, hapa Garissa. Mbele wanapaka hina. Nyuma ya pazia zito kuna kompyuta anayotumia kuhariri video za sherehe za wanawake. Humo watu wanacheza bila mitandio, kwa hiyo hakuna mwanamume anayevuka pazia lile, hata kaka yake Abdiwali. Fundi wa nyuma ya pazia ni mimi. Kazi hii nilijifunza peke yangu kwa kufungua mashine zilizokufa, na wanawake wa mtaa huniletea simu zao zenye picha za ndani ya nyumba kwa sababu wanajua hazitaonekana na mtu. Leo nikiitwa mwizi wa kadi, kesho nitaitwa mwizi wa picha. Nani ataniletea simu tena?

Wiki mbili kabla ya hapo, Abdiwali alileta kutoka Nairobi kadi mpya ya picha, kile kifaa ndani ya kompyuta kinachobeba kazi nzito ya video. Niliifunga, na Kaaha akanipa ile ya zamani iwe ujira wangu. Ilikuwa imemtumikia miaka sita. Tangu siku hiyo video zake zilikuwa zinatambaa.

"Binti wa dada yangu anasoma kompyuta Nairobi," Kaaha alisema. "Ameipima kwa mtandao. Anasema jina ni la kadi mpya lakini nguvu ni za kadi ya kale. Kaka yangu alileta mpya. Humu ndani umeingia wewe tu. Sasa niambie, kaibadilisha jini?"

Wengine walicheka. Anab, mama wa bi harusi ambaye video yake ilikuwa imekwama, hakucheka. Alikuwa ameweka simu yake mezani anipe niitengeneze. Akaichukua polepole, akairudisha kwenye mkoba wake.

Nilikuwa na hasira, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe. Mimi hupima kila kadi kabla ya kuifunga. Siku ile nilikuwa nimeshaichomoa kwenye boksi niipeleke nyumbani kuipima, Abdiwali akaniuliza kutoka upande wa pili wa pazia, "Abaayo, dada yangu, kwani unanipima mimi?" Kwetu, kitu alicholeta kaka wa mtu hakikaguliwi akiwa amesimama pale, ni sawa na kumwambia dada yake kwamba kaka yake ni mwongo. Nikaona haya. Nikaifunga hivyo hivyo.

"Nisubirini," nikasema.

Nilienda nyumbani, nikarudi na kadi ya zamani. Nikaitoa kompyuta mbele, kila mtu aione. Harusi ya mtu siwezi kuionyesha barazani, kwa hiyo nilitumia video ya mbuzi niliyoipiga soko la mifugo, ya dakika sita. Nikaanza na kadi mpya. Kanana, mwalimu kutoka Meru aliyekuwa akisubiri hina ya migongo ya mikono ikauke, aliangalia saa ya ukutani.

Dakika kumi. Ishirini. Dakika ya thelathini na moja mbuzi waligeuka mistari ya kijani na kompyuta ikaganda.

"Ningekuwa nimeshasahihisha daftari za darasa zima," Kanana akasema.

Nilizima, nikaiacha ipoe, ili kadi ya pili isilaumiwe kwa joto la ya kwanza. Nikafunga ile ya zamani. Video ile ile, mpangilio ule ule. Dakika tisa, ikaisha.

"Mmeona?" Kaaha akapiga makofi. "Kaniwekea takataka!"

Nilijua atasema hivyo. Kipimo kilikuwa kimeonyesha ubovu wa kadi, hakikuonyesha mkono wa mtu.

"Lete boksi lake. Unalo wewe kabatini."

Akalileta. Nilimpa Kanana boksi ashike kwa viganja, nikamshikia kadi karibu. Akasoma namba ya kwenye boksi, kisha namba ya mgongoni mwa kadi, tarakimu moja moja, kama anaita majina darasani. Zilikuwa sawa.

"Umebadilisha vya ndani," Kaaha akasema.

"Angalia parafujo hii." Juu yake kulikuwa na karatasi nyembamba ya muuzaji, ile inayochanika ukiigusa tu. Ilikuwa nzima. Anab aliinama akaikagua, akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikaichana. Nilitoa feni, nikafuta grisi ya kijivu kwa pamba. Maandishi yalikuwa juu ya chipu: kadi ya zaidi ya miaka kumi, kongwe kuliko ile niliyopewa mimi. Mtu aliibadilishia programu ya ndani, akaifundisha kujitaja kwa jina jipya kabla haijafika Garissa.

Kaaha alinivuta nyuma ya pazia. Sasa alinong'ona.

"Abaayo, ni kaka yangu. Huenda naye kadanganywa."

"Huenda. Sijasema neno juu yake."

"Basi tuseme imeungua, yaishe. Nisamehe."

"Uliniita mwizi kule mbele."

"Nikikusafisha, wataniuliza kama si wewe ni nani."

"Wakuulize!"

Sijawahi kupiga kelele katika duka lile. Nilivuta pazia hadi pete mbili zikang'oka. "Sema! Palepale uliposimama asubuhi!"

Akaenda kusimama pale. "Kadi ilikuwa na kasoro tangu Nairobi."

"Nitaje kwa jina."

"Weris hakuiba kitu."

"Mwanafunzi, sauti," Kanana akasema. "Huku nyuma hatujasikia."

Kaaha akarudia kwa sauti, akitazama sakafu. Nilichomoa kadi yangu ya zamani, nikaitia mkobani.

"Unaichukua? Na harusi ya Anab?"

"Ulinipa kwa jasho langu. Kadi mpya si unayo."

Anab akainuka. "Hiyo kadi itafanya kazi kwenye kompyuta yako, Weris?"

"Itafanya."

"Kaaha, mpe video ya binti yangu. Amalizie kwake."

"Eeddo, shangazi, lakini sherehe za wateja wote ziko kwenye diski hiyo hiyo..."

"Mpe."

Kaaha alichomoa diski, akanipa bila kunitazama. Niliipokea, na sikumshukuru.