Bega la Kushoto

Tabea alipuliza makaa ya pasi, akanyunyiza maji kwa vidole, akaanza na kola. Gauni lilikuwa la satini nyeupe. Kwa siku mbili hakupokea kazi ya mtu mwingine pale kibarazani kwake Kaloleni, mjini. Simu ilikuwa imeegemea cherehani, kaka yake Ezra anaongea kwa spika.

"Emma, suti ya marehemu baba ipo. Pitia uivae. Na hizo nywele unyoe."

"Nimemshonea mama gauni la kumzikia, kaka."

"Gauni lete. Ila ukija kama ulivyo, kwenye mji wa baba hukanyagi."

Tabea akakata simu, akaendelea kunyoosha.

Zamani, kule juu kwao, ukungu wa Meru ukiwa bado umelalia migomba, mama alikuwa tayari yuko barazani anakanyaga cherehani, naye Tabea chini anaokota vipande. Kahawa ikichanua, hata shuka zilinukia. Mama alianguka mferejini akiwa msichana, bega la kushoto likaunga likiwa chini kuliko la kulia, na mafundi wote wa Tengeru walimshonea magauni ya kumvuta shingo. Tabea alikuwa na miaka kumi na mmoja alipomkatia la kwanza lililokaa. Mama alijizungusha mbele ya kioo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe Mungu alinipa binti, nami sikujua. Haya, chukua jina la mama yangu. Tabea."

Jina hilo mama hakudai arudishiwe, hata ukoo ulipomtenga Tabea.

Hospitalini Tengeru, mhudumu wa mochwari alikuwa ameketi mlangoni na daftari lake.

"Wanaovisha ni wanawake wa familia tu."

"Mimi ni binti yake."

"Kitambulisho."

Akakisoma, akamtazama kifuani, akakisoma tena. "Hapa ni Emmanuel, mwanamume. Sasa nikuite dada au kaka?" Mlinzi akacheka. "Gauni litaingia. Wewe nenda kwa wanaume, mkabebe jeneza."

Kwenye benchi la wanaume Ezra hakusogea. "Ubebe jeneza la mama na sketi? Kaa mbali." Yeye alikuwa ameingia na kutoka mara tatu tangu asubuhi, na hakuna aliyemwomba kitambulisho. Suti aliyovaa ilitosha.

Tabea akazunguka nyuma ya jengo. Dirisha lilikuwa juu, vioo viwili vimevunjika. Ndani kina mama wa kanisani walikuwa wanahangaika.

"Fundi gani huyu? Bega moja limeshuka."

"Mkono haupiti. Lete mkasi, tulichane mgongoni."

Tabea akajua wameingiza mkono wa kulia kwanza, kama kwa watu wote. Na mtu akishalazwa chali, mabega yake huonekana sawa.

"Mama mdogo Ndeshi, shikamoo," Tabea akaita. "Msichane."

Kisha sauti ya mdogo wa mama yake: "Marahaba. Uko wapi, mwanangu?"

"Dirishani. Toeni lote. Anzeni na kushoto, polepole, huo mkono ulikuwa unamuuma baridi ikiingia. Mnyanyue kidogo, kitambaa kishuke chenyewe, msivute. Sasa kulia. Polepole."

Alisikia satini ikiteleza. Alisikia mtu akipenga kamasi.

"Limekaa," Ndeshi akasema. "Limekaa kama lile lake la Krismasi."

Mlangoni mhudumu akafungua daftari. "Nani kavisha?"

"Mimi, Mama Calvin, na binti wa marehemu, Tabea."

"Huyo hakuingia. Na kwenye kitambulisho hayupo."

"Ndiye aliyemvisha. Andika."

Akaandika majina mawili, akafunga daftari.

Jeneza likatoka, Ezra mbele, wanaume watano pamoja naye. Tabea akatoa mkobani kipande cha satini kilichobaki alipopunguza bega la kushoto. Alikuwa amekipinda kingo asubuhi ile ile. Akajifunga kichwani, akaingia kwenye mstari wa wanawake. Mama mdogo akamshika mkono.

Ezra akageuza shingo. "Emma, vua hicho kitambaa. Rudi mjini."

Jeneza likainama upande. Tabea akakaza fundo.

"Tazama mbele, kaka," akasema. "Unamyumbisha mama."