Utosi wa Mtoto wa Fundi

Mjukuu wangu anasomea uuguzi, na mwezi ule alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa magonjwa ya watoto. Kazi yangu ilikuwa kumuuliza maswali. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wake umenyooka, nausoma bila shida, na subira ninayo. Nilikaa mlangoni, daftari mapajani, kiganja kimefunika majibu. Yeye alitembea jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni.

"Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, pumzi ngapi kwa dakika ndiyo unasema anapumua haraka?"

"Hamsini na kuendelea."

"Unahesabu vipi?"

"Dakika nzima, mtoto ametulia, halii, hanyonyi."

"Dakika nzima kweli? Hutahesabu nusu ukazidisha mara mbili?"

"Bibi, hilo halimo kwenye daftari!"

"Halimo, lakini nakujua wewe na njia zako za mkato."

Ukurasa wa kuharisha tuliurudia kuliko nyingine, maana ndio uliokuwa unamtatiza. Macho yamezama. Ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Mkojo umepungua. Utosi umebonyea. Baada ya wiki mbili sikuhitaji hata kutazama. Siku moja alikwama kwenye dalili ya tatu, nikaitaja nimefumba macho.

"Basi kafanye wewe huo mtihani," akasema, "mimi nitabaki nikuoshee vyombo."

Majirani walisikia, wakaanza kuniita Sista Bibi. Siku ya kwanza niliwakemea. Ya pili nikanyamaza. Ya tatu nikaitika. Kisha akaja mama mmoja na mtoto anayeharisha, nikamvuta mtoto ngozi ya tumbo, ikabaki imekunjamana, nikamwambia akimbie hospitali. Mtoto akatundikiwa dripu, akapona. Tangu hapo nikajiona.

Fundi cherehani anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni binti mdogo, mumewe anafanya kazi mbali, na mtoto wao wa kwanza alikuwa na miezi saba. Asubuhi moja nilikuwa nje na wenzangu wawili tukichambua mboga. Akapita amembeba mtoto, mkoba begani, kadi ya kliniki mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wapi mapema hivi?"

"Hospitali. Huyu amechemka tangu jana. Ziwa hataki, na nikimbeba ndiyo analia zaidi."

"Anaharisha?"

"Hapana. Ametapika mara moja tu, alfajiri."

"Si umpe Sista Bibi amtazame," mwenzangu mmoja akadakia. "Daktari yuko hapa na wewe unafuata foleni."

Fundi hakuwa amesimama kuniuliza. Alikuwa anapita zake. Ni mimi niliyenyoosha mikono.

Nikampakata mtoto. Kilio kilikuwa kimemchosha, akawa kama anasinzia. Nikamvuta ngozi ya tumbo, ikarudi papo hapo. Macho hayakuzama. Nikaweka vidole utosini. Haukubonyea hata kidogo. Ulikuwa umejaa, umekaza, unadunda.

"Utosi umejaa vizuri," nikatangaza, kwa sauti ya kuwafikia na wenzangu. "Maji anayo tele. Hii ni homa ya meno. Mpunguzie nguo, mnyonyeshe kila mara, umwangalie mpaka kesho. Kule utakaa kwenye benchi mchana kutwa bure."

Alisita. "Una hakika, bibi?"

"Nimeshika watoto wangapi mimi?"

Akarudi. Nilimwona akivua viatu mlangoni kwake.

Saa tisa mjukuu wangu aliporudi kutoka chuoni nilikuwa namngojea, nina hamu ya kusifiwa. Nikamsimulia hata kabla hajavua begi. Alikuwa anakunywa maji. Akaacha.

"Ulikuwa umejaa vipi, bibi?"

"Umejaa tu. Haukubonyea."

"Ulikuwa sawa na fuvu, au umeinuka?"

Nikafikiri. Nikamwonyesha kwa mgongo wa kiganja changu jinsi ulivyokuwa umetuna.

"Alikuwa analia ulipomshika?"

"La. Ametulia."

"Amelala chali?"

"Nimempakata, ameketi."

Akaweka glasi chini. "Utosi ukibonyea, maji yamepungua. Ukivimba, mtoto ameketi na halii, halafu ana homa, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hiyo si ya kulala nayo nyumbani. Iko ukurasa unaofuata, bibi!"

"Hukuwahi kunipa nikuulize huo."

"Kwa sababu huo naujua."

Alishatoka mbio. Nilimfuata na ndara zangu, moja ikabaki njiani. Tulimkuta fundi ameketi kitandani, mtoto mapajani. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa anatazama ukutani, na hata mjukuu wangu alipopiga makofi karibu na uso wake hakupepesa macho. Tukapanda teksi sote mpaka hospitali.

Walimchukua mara moja. Daktari akamtoa maji mgongoni kwa sindano, mtoto akaanzishiwa dawa za mshipani. Sisi tukabaki kwenye korido, mbele ya meza ya muuguzi wa zamu, mwanamke mtu mzima mwenye miwani.

"Mtoto amechemka tangu jana," akamwambia fundi. "Utosi umevimba namna hii. Ulikuwa unangoja nini, mama?"

Fundi akatazama sakafu. "Nilichelewa tu, sista. Nilikuwa na nguo za watu."

Nguo za watu alikuwa amezimaliza siku mbili nyuma. Najua, maana gauni langu lilikuwemo.

"Cherehani kwanza, mtoto baadaye," muuguzi akasema. Watu kwenye benchi wakageuka kutazama. "Halafu mkifiwa mnatulilia sisi."

Mjukuu wangu hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi. Nilimwacha binti wa watu asemwe mbele ya kadamnasi kwa kosa langu, nikashika kingo za nguo yangu kama mgeni asiyehusika. Muuguzi akachukua kalamu, akawa anaandika huku akisoma kwa sauti: "Mama... amechelewa... kumleta."

"Usiandike hivyo," nikasema.

"Wewe nani?"

"Jirani. Alikuwa njiani anakuja asubuhi. Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilimshika mtoto utosi, nikasema ni mzima."

"Umesomea?"

"Darasa la nne."

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka, akajikohoza. Muuguzi akavua miwani.

"Alikuwa anakuja saa ngapi?"

"Saa mbili."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi. "Saa nane nzima hizo, bibi," akasema. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angenifokea.

Akafuta alichoandika, akaandika kingine. Sikuomba kukisoma.

Jioni fundi alikuja kukaa karibu nami. Nikamuuliza kwa nini alinifichia kosa langu. "Wewe ni mama yangu hapa mtaani," akasema. "Ningekuaibishaje mbele za watu?" Nikakosa pa kuweka uso.

Mtoto alikaa wodini wiki mbili, akapona. Walimwambia mama yake amrudishe baada ya mwezi apimwe masikio, kwani ugonjwa ule huyaharibu. Nilifuatana nao. Mtoto alipakatwa, na mpimaji akasimama nyuma yake na kengele ndogo. Akaipiga upande wa kulia: mtoto akageuka upesi, akacheka. Akaipiga upande wa kushoto. Akaipiga tena. Akaisogeza karibu, akapiga mara ya tatu, na mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha mama yake.

Mpimaji akaandika. Mimi sikuweza kuinua macho. Nilisikia kiti kikisogea, kisha fundi akamgeuza mtoto mapajani, sikio la kulia likawa upande wangu.

"Mwongeleshe huku, bibi," akasema. "Huku anakusikia."