Kiatu cha Kushoto cha Mama Mhuri

Jina la Mama Mhuri nilimpa mimi, na sijutii. Alikuwa mkuu wa ofisi ya soko wakati wakubwa walipoamua kwamba sisi mafundi viatu tunachafua njia. Barua ya kuniondoa pale nilipokaa miaka ishirini na miwili ilikuwa na mhuri wake. Mke wangu alifariki mwaka uleule. Daktari alisema ni moyo. Mimi nasema ni mhuri.

Halafu binti yangu, wa pekee, akaenda kuolewa na mwanawe. Wanaume walivyojaa duniani.

Sikukuu ya mwaka jana walinialika. Nikapeleka ufagio mpya, nikamkabidhi mama mwenye nyumba mbele ya wageni, nikamwambia ni wa kufagilia waliobaki barabarani. Wengine walicheka. Binti yangu, mimba ya miezi minne, aliondoka mezani analia. Tangu hapo sikuitwa tena. Mjukuu alizaliwa, nikaoneshwa kwenye simu.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya sikukuu, binti yangu alinifuata barazani kwangu, ninakoshonea siku hizi. Akasema mama mkwe wake amekubali nije, ila nije na zawadi ya maana.

"Baba, lete kitu ulichokifikiria. Ukileta kejeli tena, mjukuu utamjua akiwa na ndevu."

Nikamuuliza nilete nini. Akasema mama yake angejua. Kweli angejua. Miaka yote marehemu ndiye aliyechagua, mimi nilibeba. Alikuwa akisema zawadi haitafutwi dukani, inatafutwa nyumbani kwa anayepewa. Akienda kwa watu alijitia kiu, akafuata maji jikoni mwenyewe, aone sufuria gani haina mfuniko. Sikukuu ikifika, anapeleka mfuniko.

Basi siku chache baadaye nikaenda kule, kisingizio ni viatu vya mkwe wangu nilivyovitia soli. Kuingia ndani sikuingia; ruhusa ilikuwa ya sikukuu, si ya siku ile. Maji nililetewa palepale kibarazani, na jiko nikalisikia kwa masikio tu. Lakini viatu vya nyumba nzima vilikuwa vimepangwa mlangoni, na jicho la fundi halifungwi. Vya Mama Mhuri vilikuwa vya wazi, vya ngozi. Cha kulia kizima. Cha kushoto kimelika upande wa nje mpaka misumari inachungulia. Mwenye soli ile anatembea na maumivu, ya goti au ya nyonga, na hamwambii mtu.

Kwanza nilifurahi, sidanganyi. Halafu mkono ukaanza kukipima kwa shibiri kabla sijauruhusu. Shibiri haitoshi kwa mguu mbovu. Binti yangu alipoingia kurudisha glasi, nikakitia kiatu mfukoni, nikaaga.

Nilishona siku nne. Ngozi imepanda bei, wakubwa ndio wanajua kwa nini. Soli ya kushoto niliinenepesha upande wa nje, nikaificha kwa mshono ili mtu asigundue.

Siku ya sikukuu nikamkuta Mama Mhuri kibarazani amevaa kandambili za bafuni. Maongezi yote yalikuwa ya mbwa wa jirani. Mbwa ameiba kiatu, jirani amekana, wametupiana matusi ya nguoni, mbwa amefungwa kamba wiki mbili, na wanawake waliokuwa wakipeana chumvi juu ya ukuta hawasalimiani. Binti yangu akautazama mfuko wangu, akanitazama usoni.

Ningeweza kutoa vipya tu na kile cha zamani nikakitupe jalalani. Lakini bila kile cha zamani cha kueleza, angeona cha kushoto kina kasoro, angevirudisha. Nikavitoa vyote vitatu.

Akavigeuza kimoja kimoja.

"Kumbe mbwa ni mkwe," akaniambia.

Mtu akapaliwa na chai.

"Nilikichukua kwa vipimo tu, mama. Sikuiba."

"Nami ile barua niliipiga mhuri tu. Sikuiandika."

Majibu nilikuwa nayo, tena mengi, tangu siku ya mazishi. Mjukuu akalia ndani. Nikayameza.

Akavaa, akashika bega la binti yangu, wakaenda hadi getini. Kurudi, bega aliliachia. Asante hakusema.

"Nenda kwa jirani ukamwambie ni wewe," akasema. "Ukirudi utashika mtoto."

"Niende mikono mitupu, siku ya sikukuu?"

Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya keki iliyofunikwa.

Jirani aliniacha nisimame getini mpaka nikamaliza kueleza. Akapokea keki, akaniambia mbwa nikamfungue mwenyewe. Nikamfungua. Hakuniuma, ingawa alikuwa na haki.

Barua ile sijaisamehe, na niliporudi nilimwambia Mama Mhuri hivyo. Akasema hakuniomba. Kisha akanipa mtoto, akanionya nimshike mgongo vizuri, kana kwamba mimi sijawahi kulea.